Kitawi cha Cheko

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Mama, nimekalia kile kiti chenye mguu mfupi ulichokuwa ukinisukumizia mimi kila mara. Natumaini barua hii itakukuta plasta imeshatolewa miguuni, na kwamba sasa unashuka ngazi bila kumtukana mtu. Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba wao bado ana nywele. Sisi huku tu wazima kwa maana ile ya madaktari: tunapumua na tunakula kidogo. Mama amepungua mwili na analala mchana, jambo ambalo hatukuwahi kuliona tangu tuzaliwe.

Utauliza kwa nini sikukupigia simu. Ninayotaka kukuambia yanahitaji mtu anyamaze mpaka mwisho, nawe kwenye simu hunyamazi.

Kwanza mazishi, kwa kuwa miguu ilikuzuia kuja. Yalikwenda vizuri, ukiacha shada. Chama cha wakuza mawaridi kilileta shada la dukani, la mawaridi yaliyofungwa kwa waya, na waya mmoja ulikuwa umechomoza. Fundi Cherehani, yule aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Baba karibu maisha yake yote, alininong'oneza kwamba Jaji, ndivyo walivyomwita Baba chamani, angeinuka sasa hivi angelifuta lile shada kwenye mashindano. Kisha akasema walau sasa na yeye ataonja ushindi. Akacheka. Baadaye nilimkuta nyuma ya gari lake, ameegemea buti, analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Watu walizungumza mengi juu ya Baba, na mengi yalikuwa kweli. Walisema alikuwa mkali. Walisimulia nyumba yetu ilivyokuwa siku za kuelekea maonyesho: hakuna kubamiza mlango, hakuna kukaanga kitu, ndoo za mawaridi zimejaa bafuni na sisi tunaoga kwa zamu uani. Katibu wa chama aliwaeleza wageni juu ya uzi wa sufu, jinsi Baba alivyolifunga kila ua kwa uzi laini ili lisifunguke kabla ya wakati, na jinsi uzi huo lazima uondolewe kabla majaji hawajaingia ukumbini. Ukiusahau, ua lako limefutwa, hata liwe zuri namna gani.

Hapo Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, nami nikajua anakumbuka nini. Mwaka ule aliposhindana yeye mwenyewe, kwa siri, katika kundi la wanaoanza, ambalo jaji wake alikuwa Baba. Kadi za majina hulazwa kifudifudi ili jaji asijue anamhukumu nani. Baba alifika kwenye ua lake, akaona uzi, akalifuta. Walipofika nyumbani Mama hakumpa hata maji. Baba akajitetea kwamba hakujua ni la kwake. Mama akamuuliza, je, angejua? Baba alifikiri kwa muda ambao mume mwenye akili asingeuchukua, akajibu kwamba angesikitika zaidi, lakini uamuzi ungekuwa ule ule. Alilala sebuleni.

Kuugua kwake unakujua kwa kusimuliwa. Siku sisi tulipougundua ugonjwa huo sikukusimulia vizuri wakati ule, kwa hiyo nakuandikia sasa kama ilivyokuwa. Yalikuwa maonyesho yake ya mwisho kama jaji. Alipita meza zote, mikono nyuma, kama kawaida yake. Akarudi, akaichukua kadi ya ushindi wa kwanza, akaenda kuiweka mbele ya maua ya kitambaa ambayo wapambaji walikuwa wameyaacha mwisho wa meza. Watu wakaanza kutazamana. Aliyeanza kupiga makofi ni Fundi Cherehani. Akapaza sauti kwamba Jaji ametuweza, anatuambia hakuna hata mmoja wetu aliyefikia kitambaa! Watu wakaangua kicheko kwa shukrani, na Baba akacheka nao. Ndani ya gari alimuuliza Mama watu walikuwa wanacheka nini.

Tangu hapo hakuitwa tena, naye hakuuliza. Alishinda bustanini na mkasi wake wa kupogolea, na Mama nyuma yake na ndoo. Sote tulisema afadhali, amepata la kumshughulisha. Mimi nilikuwa napita jioni baada ya kazi, naona kwa mbali kofia yake ikiinama na kuinuka kati ya matuta, natikisa kichwa na kusema yule mzee chuma.

Sasa nije kwenye ombi lako. Uliniagiza kitawi cha Cheko, waridi alilolizalisha Baba mwenyewe na kulipa jina lako la utoto, ulipande dirishani kwako. Uliandika kwamba hukumzika, basi walau ukuze kitu chake. Uliandika pia kwamba chungu umeshanunua.

Nilikwenda bustanini siku ya pili baada ya mazishi, na kisu kilichonolewa na gazeti lililoloweshwa maji. Unajua jinsi Cheko lilivyokuwa: njano ya kiini cha yai, ukingo mwekundu, kama mtu anayejizuia kucheka. Nilifika penye shina lake nikakuta vijiua vyeupe, vidogo, vya petali tano, juu ya matawi membamba yenye miiba midogo iliyosongamana. Nikadhani nimekosea tuta. Nikaenda tuta la pili, la tatu, nikazunguka bustani yote. Dada, bustani nzima ni nyeupe. Hakuna jekundu, hakuna la njano, hakuna Cheko.

Unakumbuka alichotufundisha kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Waridi la maonyesho halisimami kwa mizizi yake. Hubebeshwa, yaani huunganishwa, juu ya shina la waridi mwitu. Lile la mwitu halikomi kutaka kurudi. Hutoa machipukizi chini ya kovu la kubebeshea, na ukiyaacha yanalinyonya la juu mpaka life. Chini ya kovu ng'oa, juu ya kovu acha. Baba hakuisahau sheria. Alisahau upande. Kwa misimu miwili alipita shina kwa shina, kwa bidii ile ile na mikono ile ile, akiwang'oa aliowalea na kuwaacha wezi.

Nilimfuata Mama humu jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akaniambia kwamba alijua. Alimwona siku ya kwanza, ameshika chipukizi nene jekundu la juu ya kovu, analing'oa huku akiliita mwizi. Mama akafungua mdomo amzuie. Wakati huo huo Baba akageuka, akamwita kwa jina lake, lile la usichana ambalo sisi hatulitumii, akamwomba asogeze ndoo.

Ndani ya nyumba hakuwa akimjua. Alimdhani ni muuguzi, siku nyingine alimuuliza mwenye nyumba atarudi saa ngapi, na kama mke wake hatakasirika kumkuta na mwanamke mgeni. Bustanini tu ndiko alikomjua, tena mikono yake ikiwa kazini tu. Mama alimnyang'anya mkasi mara moja, na jioni ile Baba alimfukuza chumbani kwa fimbo. Basi akamrudishia. Akasogeza ndoo, na kesho yake akasogeza tena. Cheko alijaribu kuliokoa. Alisimama mbele yake akamwambia hili tayari. Baba akamjibu, kwa jina lake, kwamba kazi ya nusu ni kazi ya mvivu. Mama akapisha.

Nikauliza kama hakuna mtu mwenye kitawi. Nilikuwa najua jibu. Fundi Cherehani aliomba kila mwaka, na kila mwaka Baba alimwambia afadhali amwazime mswaki. Halipo kokote, dada. Nimemuuliza Fundi mwenyewe, nimemuuliza katibu, nimeuliza kwenye vitalu vyote. Kuuliza ndiyo kazi yangu.

Limebaki moja, nalo Mama alinisihi nisikuandikie. Msimu huu bustani ilipochanua, Baba alitoka barazani, akafunga vifungo vya koti, akaweka mikono nyuma. Akapita tuta kwa tuta kama alivyokuwa akipita ukumbini, Mama akimfuata. Hakuuliza bustani ni ya nani; jaji haulizi. Alipofika mwisho akasema udongo ni mzuri, ni masikitiko, lakini mwenye bustani amewaacha wa mwitu wamshinde. Hapa hakuna kadi. Mama akamuuliza, je, angemjua mwenyewe? Baba akafikiri, muda mrefu kama ule wa zamani, akasema angesikitika zaidi, lakini uamuzi ungekuwa ule ule.

Kisha akaomba apelekwe nyumbani. Alikuwa amesimama mlangoni kwake. Tangu siku hiyo hakutoka tena kitandani.

Mama anakusalimu sana. Nilitaka kuita mtu aje kung'oa yale mashina, akanikataza. Kila asubuhi anapita kati ya matuta na ndoo tupu, anasimama, anaisogeza mbele kidogo, anasubiri, kisha anaisogeza tena.

Njoo miguu ikikuruhusu. Usije na chungu.

Ni mimi mdogo wako, yule ambaye Baba alimwita Mbea hata baada ya magazeti kumpa kazi.