Louise Anataka Faustin Aitike

Bibi Vénérande wa gazeti letu, nakusalimia kwa heshima ya mama mzazi, naomba unisaidie na jina langu msilitaje, juu jambo hili limenifikisha mahali sahani narudisha imejaa, na pasta sitaki kumwambia juu yeye njo anasali kila Jumatano na mama mwenye jambo hili.

Mi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, natengeneza simu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kitu ninachopenda kuliko vyote, bantu bananicheka, ni mashine za michezo za zamani, zile za kuunganisha na televizyo, zenye manette mbili za kushika na kaseti ya kuchomeka juu, tulizocheza Uvira kule Kongo tukiwa batoto, na kila nikienda Lilongwe nazitafuta, Area 47 kwa bantu banaohama na kutupa vitu, hata sokoni Nathenje nilishapata moja panya wamezalia ndani, sasa niko na mashine nne na kaseti arobaini na moja. Na siyo kucheza tu, nilijifunza kuandika michezo yangu mwenyewe kwenye ordinateri, yaani kompyuta, naandika maagizo mstari kwa mstari, natia kwenye chipu, nafungua kaseti iliyokufa natoa chipu yake nachomea yangu, na ile mashine ya zamani inaamka inacheza mchezo ambao mwenye kiwanda hajawahi kuuona.

Mwaka jana nilitengeneza kijiji chetu cha Fizi. Si vita, Bibi, humo hakuna bunduki, unatembea tu kutoka ziwani mpaka kanisani na unasalimia bantu kwenye milango yao, juu kwetu kupita mlango wa mtu bila kumsalimia ni tusi. Mashine hiyo ina akili ndogo, mtu mmoja anapata vinukta vichache na rangi tatu, kwa hiyo nilitafuta alama ya kila mtu, mwalimu na mguu wake mfupi, Faustin na kofia yake nyekundu. Jumapili baada ya ibada bantu ba kwetu banakuja, bamama banashika manette banacheka na kulia, "Angalieni Mwalimu, hata humu iko anatembea upande!" Ukibonyeza unasalimia, na mtu anakujibu kwa maandishi chini ya picha. Bale baliokufa habajibu. Sikumwambia mtu, niliona aibu kumwandikia marehemu maneno ambayo hakuyasema, na bantu balielewa bila kuambiwa, banafika mlango wa marehemu wao, banasimama, banapita.

Louise, mama huyo wa Jumatano, njo hakuelewa. Mume wake ni huyo Faustin, walipotezana siku tulipokimbia, sasa miaka tisa, hajamlilia matanga, kila mwezi anakwenda Lilongwe na picha yake kwa ofisi ya kutafuta bantu baliopotea. Binti yao Arlène wakati huo alikuwa mgongoni, miezi mitatu. Jumapili iliyopita Louise alikuja mara ya kwanza, akatembea mpaka mlango wake mwenyewe, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na tena.

"Patient, mbona Faustin haniitikii?"

Nikainama kwenye waya wa mashine. Mama Douce, jirani yake, akashusha macho.

"Mwalimu amejibu. Hata Bucumi yule mlevi amejibu, tena ameniomba sigara! We fundi wa bule, manette yako imekufa."

Bantu bakacheka, na mi nikacheka, nikasema ndiyo, ni makosa, nilisahau mstari. Akasema, "Basi tengeneza. Andika hivi: Mama Arlène, umechelewa, chakula kimepoa. Hivyo njo alikuwaka anasema. Jumapili nakuja na Arlène, amuone baba yake akisema."

Bibi, Faustin alikufa. Niliona. Tulikuwa tumelala ndani ya mihogo, risasi ilimpata tumboni, mi nilikuwa hatua kama kumi, akaita jina langu mara tatu na sikuitika, juu benye bunduki balikuwa barabarani banasikiliza. Walipoondoka nikaenda nikakuta amekwisha, nikamfunika udongo kwa kipande cha bati na mikono. Nilipomkuta Louise hapa aliniuliza, nikamwambia tulipotezana njiani, na kila mwaka uongo huo unazidi kuwa mgumu kuutoa. Sasa ni mstari mmoja tu, kazi ya dakika tano. Niutie apumzike, na mtoto amsikie baba yake? Au nimwambie, nimuue Faustin mara ya pili?

Fundi wa Kaseti, Dzaleka

*

Fundi, usiutie mstari huo.

Nimeanza na hilo juu najua vidole vinakuwasha.

Mi nilisoma mpaka darasa la tatu, na kaseti ninazojua ni za kwaya. Ungeniuliza mambo ya chipu ningekutuma kwa bantu ba ordinateri. Lakini hukuniuliza chipu. Umeniuliza kama unaweza kuendelea kusema uongo ukimtumia maiti kama kinywa, na hilo halitaki shule.

Kwanza nikupe haki yako. Kunyamaza ndani ya mihogo sikulaumu. Ungeitika, leo mngekuwa wawili chini ya udongo, na hakuna wa kuwafunika. Mi mwenyewe niliziba mdomo wa mtoto wangu na kitenge benye bunduki bakipita, na najua mkono wangu ulifanya nini. Kwa hiyo usinililie kama uko peke yako.

Lakini hiyo ilikuwa siku moja! Hii miaka tisa ya Dzaleka, nani alikuwa barabarani anakusikiliza? Unamkuta huyo mama kwenye mstari wa kupokea unga, unamuuliza habari za asubuhi, unamwangalia anapanda kabaza, ile baiskeli ya abiria, na picha ya mume wake kifuani, unarudi kuchomea chipu zako. Fundi mzima! Unafufua mashine ambayo panya wamezalia ndani, na sentensi moja imekushinda.

Tena una akili, njo maana nakasirika. Marehemu bote uliwapa heshima, ulikataa kuwatia maneno mdomoni. Faustin peke yake unataka kumnyima. Arlène ataondoka hapo amebeba sauti ya baba yake, kumbe ni yako. Na Jumapili inayofuata Louise ataomba sentensi ya pili. Atauliza yuko wapi. Utaandika nini?

Na usijidanganye kwamba hakuelewa. Mwanamke anayebonyeza mara tatu, akatania mbele ya bantu, halafu akakuletea maneno tayari mdomoni, huyo ameshaanza kuelewa. Anakuomba umsaidie asielewe. Usimsaidie. Unasema utaua matumaini yake. Matumaini gani? Miaka tisa hajui afunge kitambaa cha mke au cha mjane.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, kabla hajaenda bombani, nenda kwake na Mama Douce, yule aliyeshusha macho, juu yeye anajua tayari. Pasta mpitie njiani. Arlène awe amepelekwa kwa jirani. Mama yake njo atamwambia, kwa wakati wake. Mashine usiibebe. Usianze na "pole", usianze na habari za vita. Kaa chini na useme: "Louise, Faustin alikufa. Mi nilimzika." Halafu mwambie mihogo ilikuwa ya nani, alivaa nini, ulimlaza kichwa upande gani. Atauliza kama alisema kitu. Mwambie aliita jina lako na wewe hukuitika. Hilo pia ulitoe, lisibaki la kuoza. Akikupiga, pigwa. Akikufukuza, kaa nje ya mlango mpaka bantu bafike, na wewe njo utawasha moto wa matanga na kuulinda siku zote tatu.

Jumapili hakuna mchezo. Matanga yakiisha, muulize Louise mwenyewe mlango ule ukae vipi. Akisema ufute, futa. Akisema uache kimya, acha. Nyumba ni yake.

Majina nimegeuza, lakini mashine kama hiyo kambini iko moja, hata kuku wanajua ni ya nani. Kwa hiyo majibu haya nimekutumia kwa simu leo Jumanne, na mwenye gazeti nimemkataza asichape hata neno mpaka mi nimpe ruhusa. Ijumaa nitapita kwa Louise. Nikikuta moto nje na bantu bamekaa, nitakaa nao. Nikikuta hakuna, nitamwambia mwenyewe, halafu nitakuja kwako, na hutapenda.

Na we unayesoma gazeti hili leo, haya nimeyaongeza nilipotoa ruhusa: huyo mama ameshaambiwa. Kwa kinywa cha nani, usiulize. Peleka kuni kwenye matanga.