Mama, Baba Mdogo Amesema Kweli

Mama yangu,

Jumapili iliyopita nilikuwa kijijini kwetu Kiegei. Nimerudi hapa Ruangwa na habari ambayo wewe ndiye uliyepaswa kuisikia, na kwa kuwa hupo, nakuandikia.

Unaukumbuka ufuta wa mwaka ule? Ulistawi mpaka jirani yako Bi Somoe akakutania kwamba msimu huo tungekula wali hadi tuuchoke. Kisha ng'ombe wa Baba Masanja, yule mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, wakaingia shambani wakaukanyaga wote. Tulisimama kando ya shamba mimi na wewe. Ulijifuta uso kwa kitenge, ukasema tu, "Nitakwenda kuongea naye." Tulikwenda, akakuomba radhi, na mkewe akatupa maziwa kwenye kibuyu. Njiani tuliyanywa kwa zamu, kila mmoja akimcheka mwenzake kwa masharubu meupe. Nilidhani mambo yameishia pale.

Haukupita muda, ng'ombe wale wakaanza kufa. Baba mdogo akasimama mbele ya watu, akasema amekuona kijitoni ukimwaga dawa ya mikorosho majini. Baba mdogo, Mama, mdogo wake marehemu baba, ambaye mwanawe ulimnyonyesha pamoja nami wakati mkewe yuko hospitali. Na watu walimwamini upesi, kwa sababu hakuna asiyejua yaliyoupata ufuta wako.

Kwenye mkutano wa kijiji ulisimama ukasema, "Sikuweka sumu." Wazee wengine wakataka wewe na baba mdogo mpelekwe kwa mganga mkanywe dawa ya kiapo, mwongo ajulikane. Baba mdogo akakubali. Wewe ukatikisa kichwa.

"Mimi ni Mkristo," ulisema. "Nimeshasema sikufanya, na Mungu amenisikia. Siwezi kumwacha yeye nikatafute ushahidi kwenye kikombe cha mganga."

Watu waliguna. Huko kukataa kwako ndiko walikokugeuza ushahidi. Bi Somoe peke yake alinyanyuka. "Mimi na huyu dini zetu mbalimbali," alisema, "lakini tumelima pamoja tangu usichana wetu. Uongo sijauona kwake."

Hata kanisani hukupona. Mwinjilisti alikuomba uache kwanza kuongoza kwaya ya kina mama, mpaka maneno yapoe. Ulikaa benchi la nyuma ukaimba kutoka huko huko. Nilikuwa na hasira mpaka chakula hakipiti. Nikakuambia twende tukamtukane baba mdogo mlangoni kwake, kila mtu asikie.

"Nikimtukana, mwanangu, ng'ombe watafufuka?" uliniuliza. Kisha ukaongeza polepole, "Inaniuma. Usidhani hainiumi. Ila sitaki siku atakapotaka kurudi akute nimeufunga mlango."

Mke wa Baba Masanja alipojifungua na hakuwa na ndugu karibu, ulimpelekea uji. Alikataa kuupokea. Uliuweka chini kivulini ukaondoka, na kesho yake ukapeleka mwingine. Sijui kama aliunywa. Hukuniambia, nami sikuuliza.

Nilipokuhamishia kwangu Ruangwa, nilisema ni kwa sababu ya miguu yako. Tulijua wote wawili kwamba ni kwa sababu hakuna aliyekuwa akibisha hodi tena. Hapa ulikaa kimya sana. Msimu wa korosho ulipofika ulikuwa unauliza kama zimeanza kuanguka, na nani anaziokota. Ukatutoka hivyo hivyo, mbali na mikorosho yako, na jina lako likiwa bado linasemwa vibaya Kiegei.

Sasa sikiliza. Baada ya mavuno haya, ng'ombe wengine wa Baba Masanja walikufa vilevile. Safari hii alimwita mtaalamu wa mifugo. Akaonyeshwa shamba la mtama uliokwisha kukatwa, unaochipua upya. Akaeleza kwamba yale machipukizi machanga ni sumu kwa ng'ombe. Baba Masanja akaulizwa wale wa mwanzo walikuwa wamelishwa wapi. Akakumbuka: kwenye mtama kama huo.

Baba Masanja na mkewe walipanda pikipiki mpaka kwangu. Yule mama aliketi chini sakafuni, akakataa kiti. Alilia. Niliwapeleka kaburini kwako.

Kisha baba mdogo akaniita. Nilimkuta amekonda. Hakuzunguka. "Sikumwona mama yako kijitoni," alisema. "Nilisema nimemwona. Nilitaka aondoke, lile shamba la kaka libaki kwangu. Naomba unisamehe."

Nilitamani niwe na moyo wako. Sikuwa nao. Nilimwambia, "Neno lile ulilisema mbele za watu. Kalirudishe mbele za watu."

Jumapili alisimama kanisani, akasema yote kwa sauti ndogo hata mwinjilisti akamsihi arudie. Akarudia. Kina mama wa kwaya waliinamisha vichwa. Mwinjilisti naye aliomba radhi. Bi Somoe, niliyemwomba aje, alikuwa amesimama nje dirishani, akasikia. Tulipotoka, baba mdogo alinyoosha mkono nami nikaupokea. Nimemsamehe, Mama, ingawa bado kuna asubuhi naamka na kuanza upya.

Jina lako ni safi sasa. Lakini wote hao wameniomba msamaha mimi, na aliyekosewa ni wewe. Ningeyaacha maneno yao yote kama ningeweza kukuketisha pale mbele wakuombe wewe, nami nikae benchi la nyuma nisikie utakavyowajibu.

Lala kwa amani ya Bwana uliyemtegemea.

Mwanao wa mwisho,
Ruangwa