Picha Ninamocheka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza matibabu ya sumaku. Daktari anasema hayaponyi Parkinson. Huenda yakaulegeza uso wangu uliokakamaa na kupunguza udenda. Huenda! Neno hilo limenichosha. Nimeketishwa, kifaa kikawekwa juu ya kichwa, kisha — tak! tak! tak! — kama mtu anayenigonga kwa kucha akidai jibu. Hakiumi. Mke wangu alishika leso. Ililowa kabla hatujafika nyumbani.

Jumatano, 5 Machi
Daktari ametaka picha ninamocheka, apate kulinganisha. Mke wangu amepekua albamu zote. Katika kila picha nimekaa kama msimamizi wa mtihani.
Akaniuliza: "Mwalimu, hao wanatibu ugonjwa au wanatibu tabia?"
Amecheka hadi akashika mbavu. Nami nilicheka, kwa ndani. Hakuona.

Ijumaa, 7 Machi
Binti yetu alikuja na mjukuu. Wanahama Jumapili ya wiki ijayo. Mkwe amepata kazi mbali. Mtoto aligoma kunisalimia, akajificha nyuma ya mama yake. Nilimsikia akinong'ona: babu amekasirika, halafu anatoa mate. Nilitaka kumwambia sijakasirika. Sauti ikatoka chini, kavu, kama amri. Akalia.
Kabla hawajaondoka, anikaribie mara moja tu. Sitaki zaidi ya hapo.

Jumatano, 12 Machi
Nimechoka. Tak, tak, tak. Binti anayeendesha mashine hana huruma: "Babu, jaza mashavu. Nionyeshe meno. Tena! Hayo si meno, hiyo ni midomo."
Nimeamrisha watoto wa watu maisha yangu yote. Haya, zamu yangu.
Leso ya leo imelowa upande mmoja tu. Nisijidanganye.

Ijumaa, 14 Machi
Picha imepatikana! Ilikuwa ndani ya droo ya cherehani. Nimembeba binti yetu angali mchanga. Udenda wake umelowanisha shati langu la kazini, nami nacheka hadi macho yamefumba. Siikumbuki siku hiyo hata kidogo. Daktari ameitazama picha, akanitazama mimi, akaandika kitu. Sikuuliza. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mashine.

Jumapili, 16 Machi
Walikuja kuaga, mizigo tayari imo garini. Leso ilikuwa kavu tangu asubuhi — niliipapasa mara kwa mara, kama mwizi. Mjukuu aliikuta picha mezani. Huyu nani? Mama yake akamjibu: ni babu, na mtoto huyo ni mimi. Akabisha: "Mwongo! Babu hachekagi."
Akaja nayo hadi kwenye kiti changu. Karibu kabisa! Akaishikilia kando ya uso wangu, akatazama huku, akatazama kule.
"Babu, hebu fanya hivi."
Nikafanya. Kwa ndani nilifika. Kwa nje sijui. Mkwe akapiga honi. Mama yake akamwita.
Mtoto hakugeuka, macho yake bado usoni mwangu.