Sauti ya Numero Tatu

Lundi, 5 mwezi wa tano

Asubui nilichagua maharagi ya kuuzisha, ya kutoka Boga. Mawe fasi yake, maharagi fasi yake. Soko ya Nyakasanza ilikuwa baridi juu ya mvua. Dorcas, mutoto yangu, akakuya mbio, viatu mu mukono. Jina yake iko ku kartasi ya mulango wa redio. Banatafuta mutu mumoja wa kutangaza matangazo ya asubui. Dosie za kuomba kazi ziliingia mingi, balibakisha batu batano tu. Mutoto yangu iko kati yao.

Nilijulisha bamama yote ya mustari yetu. Nilijulisha hata mwenye kuuza chumvi, na sisalimianake naye tangu Noeli.

Mimi nilisoma mpaka ya sita primaire. Dorcas iko na diplome ya Leta, ya kumaliza sekondari. Ni mimi nilimuzaa.

Mardi, 6

Mama Solange, jirani yangu wa meza, mwenye kuuza samaki, alinivunja moyo. Anasema kati ya hawa batano kuko mutoto wa pasta, alisoma journalisme Kisangani. Kifaransa yake inatokea mu pua. "Sasa wa kwako, Mama Dorcas, bataonea wapi kama anapita benzake? Ku maharagi?" Nilicheka. Kicheko haikufika mu tumbo.

Mangaribi nilitoa kikwembe yangu mupya, ile siyavae bado, mutoto ashoneshe nguo ya kwenda nayo ku redio. Alikataa. "Mama, ni redio. Nani ataona nguo?" Kweli. Nilikasirika vile vile. Namna gani batamujua kati ya batano kama hawamuone?

Myaka tatu tangu diplome. Dosie yake imepita ku milango ngapi, sijue. Anasema akikosa hii, anaenda Aveba kulima kwa shangazi. Sitaki. Sikumusomesha juu ya jembe.

Mercredi, 7

Balieleza testi. Kesho saa moja ya asubui batasikika ku redio mumoja mumoja. Bila jina, numero tu. Kila mutu anapewa kartasi moja ya Kifaransa, tangazo ya kweli, aiseme mu Swahili. Dorcas ni numero tatu. Alinikataza nisiambie mutu. Jina ikijulikana, anaweza kutolewa.

Niliitika.

Jeudi, 8

Mama Solange alifungua redio ya simu yake, akaiweka juu ya samaki. Bamama balisogea. Tangazo ilikuwa ya chanjo ya batoto ku kambi ya batu walikimbia vita.

Numero moja alisema mbio sana. Numero mbili njo ule wa pasta, pua ilimutaja. Swahili yake ya kitabu, muzuri mpaka nikaogopa. Alipomaliza, Mama Solange akauliza: "Sasa ni siku gani?" Hakuna mwenye alijua.

Kisha mutoto yangu. Hakusoma kartasi. Alisema polepole, sawa vile mutu amesimama ku mulango yako asubui. Bamama, samedi hii, ile tunaitaka siku ya posho, leteni batoto wa chini ya myaka tano. Ku kambi, nyuma ya kanisa. Hakuna kulipa. Akasema: "Na kama kartasi ya mutoto ilipotea mu kukimbia, mama, kuya tu na mutoto."

Mu kukimbia. Mikono yangu ilisimama mu maharagi. Mwenye kutwanga sombe, majani ya mihogo, alisogea karibu na redio. Siye wote tulikimbia. Mimi nilitoka Djugu na Dorcas mu mugongo, bila kartasi, bila kiatu. Sikumuelezaka ile safari. Sasa alitoa wapi ile neno? Nilimubeba mu mugongo ule mutoto, na leo nilisikia kama simujue.

Na mudomo yangu ikafunguka yenyewe, mbele ya bamama yote: Ule ni wa kwangu. Numero tatu ni Dorcas.

Vendredi, 9

Bamama ya soko balipigia redio simu. Balitaja jina. Mama Solange alipiga mara tatu. Balifikiri banamusaidia.

Mukubwa wa redio aliita Dorcas: familia yake imevunja sheria ya testi. Alirudi nyumbani, akaanza kukunja nguo zake za kwenda Aveba. Hakulia. Hakunisemesha. Angenitukana mbele ya batu, ingekuwa afazali.

Saa nane nilienda mwenyewe ku redio. Mukubwa ni muzee mwembamba wa miwani. Nilimuambia: Papa, mutoto hana kosa, ni mimi mama yake, mudomo yangu njo haina mulango. Hakunigombeza. Aliniuliza tu tangazo ya jana ilisema nini. Nilimuambia yote: siku, fasi, bure, mambo ya kartasi. Akauliza numero mbili alisema nini. Nilikumbuka sauti yake muzuri. Maneno, hapana.

Aliandika kitu. Akasema: "Enda, mama. Kesho nitaenda kuangalia ku kambi."

Samedi, 10

Nilienda na mimi ku kambi. Dorcas alinifuata, mbali kidogo.

Sijaona musururu sawa ule. Ulizunguka kanisa, ukashuka mpaka ku barabara. Batoto mu mugongo, batoto mu mukono. Mukubwa wa redio alikuwa pale ku mulango, anauliza bamama mumoja mumoja, nani aliwaambia bakuye. "Ule dada wa redio." "Ule mwenye alisema kartasi hapana." Bibi mumoja alileta bajukuu babili. Alisema kila chanjo anajificha, anafikiri bila kartasi batamufukuza. Jeudi alisikia, na jana akalala amevaa nguo za kukuya.

Mukubwa alitoa miwani, akaipanguza muda murefu.

Dorcas alikuwa nyuma ya huyu bibi, hatua mbili. Hakuna mwenye alimujua. Maneno ya mutoto wa mama mwenye kuuza maharagi yanatembeza batu.

Lundi, 12

Balimuchukua. Muzee wa miwani alimugombeza kwanza juu yangu, kisha akamupa mukataba wa myezi tatu ya kujaribu. Jioni Dorcas alitoa nguo zake mu mufuko wa safari, akazirudisha mu sanduku. Alinisemesha. Aliomba chumvi.

Mama Solange ametuma samaki.

Mercredi, 14

Nilitoka saa kumi na mbili na nusu ya asubui, ndoo ya maharagi ku kichwa. Redio ilikuwa wazi kwa jirani. Mbele, kwa fundi wa cherehani, wazi. Kwa mwenye kuuza makala ya kupikia, wazi. Sauti ya Dorcas ilitoka mu nyumba moja ikanipokea ku ingine. Maji ya robinet, ile ya bomba, itakosekana mpaka saa sita. Mbuzi moja ya madoadoa imepatikana, mwenyewe afike.

Nilitembea polepole. Matope ilikuwa mingi. Mpaka nikafika soko, sikupoteza hata neno moja.