Samahani, Jaribu Tena

Kaka Ambokile,

Mugonile. Ukungu umeshuka kiwandani tangu asubuhi, umeingia mpaka ofisini, na mimi nimekaa kwenye kiti chako.

Tangu tulipokuzika, ile programu ya kupokea majani mabichi ya chai, uliyoiandika serikali ilipouza kiwanda, haifunguki. Kila asubuhi inaandika maneno yako yaleyale: "Samahani, jaribu tena." Haisemi kosa ni nini wala limetoka wapi. Wewe ndiye uliyeiagiza imeze kila kosa na kuomba radhi tu, eti makarani wasiogope. Nilikulalamikia, ukacheka, ukiniita mdogo wako ingawa tumeunganishwa na kazi tu: "Mdogo wangu, mambo ya ndani hayaonyeshwi wageni." Hata kikohozi chako ulikiita mafua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimekukasirikia, Kaka, na bado sijamaliza.

Makarani wameikimbia kompyuta. Mama Tumpe wa mizani ameapa: "Siigusi mimi. Marehemu anaomba radhi fijo, sana kabisa, humo ndani." Maneno yakafika Mpuguso kwa mama yako. Juzi akaja kwa miguu, kitenge kimelowa mvua, akasimama mbele ya kioo cha kompyuta akasomewa. Akakiinamia, sikio karibu, kama anayemsikiliza mgonjwa. "Mwanangu, nijaribu nini tena?" Nasikia tangu siku hiyo halali wala hali. Anasema hujapumzika.

Leo nimeiondoa ile radhi yako. Nimeiagiza programu isimeze kitu: ikianguka, iandike njia nzima, imeangukia wapi, nani aliituma huko, na huyo naye alitumwa na nani, mpaka mwanzo. Printa ikalia, karatasi ikatoka. Nikasoma majina uliyozipa sehemu zake: TafutaMsimamizi, iliyotumwa na FunguaSiku, iliyotumwa na Anza. Na juu kabisa: "Jina halipo: AMBOKILE."

Kumbe watu wa mishahara walipokufuta kwenye faili la wafanyakazi, programu ilibaki na amri yako ya zamani, imtafute msimamizi, yaani wewe, kwanza ndipo ifungue siku. Basi kila asubuhi imekuwa ikiingia humo, inakutafuta, inakukosa, inatoka kuomba radhi.

Nikafanya jambo nisilopaswa. Nikaliandika jina lako upya kwenye lile faili. Ikafunguka papo hapo, bila kelele: "Karibu kazini, Ambokile." Nikageuka kutazama mlango. Palikuwa na ukungu tu.

Nilitamani kuacha hivyo hivyo. Makarani wangerudi, mizani ingefanya kazi, nawe ungekaribishwa kila siku kama zamani. Nililia, sikufichi. Lakini akilini nikamwona mama yako akisomewa maneno yale, akivuta kiti akusubiri uingie. Nikalifuta jina. Kisha nikaifuta na ile amri ya kukutafuta, na programu ikafunguka bila kukuita.

Jumapili baada ya ibada nitakwenda Mpuguso na karatasi hii. Nitamsomea mstari kwa mstari, sitaruka hata mmoja, ajue kwamba si wewe uliyekuwa ukiomba humo ndani. Ilikuwa mashine, na ilikukosa kama tunavyokukosa sisi. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Ndaga, asante, Kaka. Lala sasa. Kesho asubuhi hakuna atakayekutafuta kazini.

Mdogo wako,
Atupele