Sindano Ulizonichoma

Kwako Dada yangu,

Pokea salamu zangu. Natumai mgongo umepunguza adha na shemeji ni mzima. Huku hatujambo, karakana yangu ya madirisha haikosi kazi, na mwanao, huyu binti yangu, anakua, ingawa mara ya mwisho ulimwona angali anatambaa.

Nina dukuduku, Dada. Shangazi amenipasha kwamba ulisema mbele ya watu, homoni nilizochomwa ili mimba ishike ndizo zilizomletea mtoto usonji. Wewe ni mkunga. Neno lako watu hulibeba. Sasa hata jirani ananitazama kama niliyemnywesha mwanangu sumu.

Mimi siishi kwa tetesi, nikaenda kwa daktari wa watoto. Akasema ni kweli watafiti wanachunguza kama homoni anazokutana nazo mtoto tumboni zina uhusiano na usonji, ila jibu kamili halijapatikana, na hakuna awezaye kunyoosha kidole kusema ni dawa ile. Nami nikapiga hesabu zangu. Yule mshonaji ulimchoma dawa ileile, na mwanawe anaongea kuliko redio. Na marehemu Baba je, alichomwa na nani? Unakumbuka alivyopanga mbao zake kwa urefu, na ole wake atakayegusa? Mashine ya jirani ikianza kulia, anaziba masikio na kutokomea uani. Sisi tulibaki tumekaa kwenye maranda, wewe ukinisuka, tukimngoja arudi. Hakuna aliyemwita mgonjwa. Tulisema tu, Baba ndivyo alivyo. Mwanao naye hupanga skrubu zangu vivyo hivyo. Laiti ungemwona.

Kila nikimuuliza Mama mbona huji, alikuwa akikwepa. Juzi akaniambia, "Akimwona yule mtoto, anaona mkono wake mwenyewe." Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kumbe siku zote hizo hukuwa ukinilaumu mimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Mama halijui. Nina mimba tena, nayo inatishia kutoka kama zile za mwanzo. Daktari ameandika sindano zilezile. Nimepima, nimekubali. Mtoto akija kama dada yake, nitalea wawili, basi. Zahanati ina wauguzi hodari, lakini sitaki mkono mwingine. Njoo unichome wewe.

Nisalimie shemeji, umwambie tutakukalisha kidogo. Mlango wa uani unaujua, usibishe hodi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba