Sauti Yangu, Midomo ya Gudrun

Jumanne, 3 Septemba 2019

Nimeitwa makumbusho ya jiji, kama mzee wa hapa anayekumbuka ya zamani. Wanaandaa maonyesho ya historia ya muziki wa soul wa Kijerumani. Mkuu wa shughuli ni Daktari Jörn Wiebusch, kijana wa Hannover, na ananieleza mimi soul, muziki wa Wamarekani weusi, ni nini! Mimi, ambaye baba yangu alikuwa sajenti mweusi wa Kimarekani kambini hapa hapa Mannheim, na mama alimpata kwenye dansi ya wanajeshi.

Ati soul ya Kijerumani ilizaliwa 1971, Gudrun Thielmann aliporekodi ule wimbo wake wa mvua. Picha yake imejaa ukuta mzima. Upuuzi mtupu. Gudrun hakurekodi chochote. Niliimba mimi, yeye na nywele zake za dhahabu akachezesha midomo kwenye televisheni. Mtayarishaji alisema sura yangu haitauza. Nilikuwa msichana mdogo, nikalia njia nzima mpaka nyumbani. Bado inaniuma.

Leo nilikunywa kahawa yao tu. Maji matupu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimesoma maelezo ya Wiebusch ukutani. Makubwa! Kaandika kwamba kwenye kibwagizo mwimbaji halitamki neno ich, "mimi", kama Wajerumani wengine. Analitamka isch, kama anayemnyamazisha mtoto. Na hiyo, kasema, ni "athari ya waimbaji weusi wa Amerika". Athari! Mtu mzima, na udaktari juu. Hayo ni matamshi ya Mannheim, bwana. Huku wote tunasema isch, mpaka kasuku wa jirani.

Nikapita kwa Hartmut, muuza nyama wangu, kuchukua soseji ya maini. Nikamsimulia. Akaweka kisu chini.

"Kumbe na mimi ni mwimbaji wa soul?"

Tulicheka mpaka wateja wakatukodolea macho. Lakini njiani kicheko kikaniisha. Gudrun ni mtu wa Hannover. Kwao wanatamka ich safi kama wasoma habari. Isch haiwezi, hata umvute ulimi kwa koleo. Wasomi wote hao wameusikia wimbo huo miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza sauti hiyo ya Mannheim imetoka kwa nani.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwambia Wiebusch. Akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia bibi kizee. Kumbukumbu hudanganya, akasema. Ushahidi ataleta nani? Waliokuwa studio wamekufa wote, kabaki Gudrun. Basi muulize Gudrun, nikamwambia! Ati si adabu kumsumbua msanii wa hadhi yake.

Hadhi! Ya kuazima.

Nataka jina langu ukutani, basi. Hata kwa herufi ndogo.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika chooni, makumbusho. Nimejifungia. Sherehe ya ufunguzi inaendelea huko nje.

Meya kahutubia, kaiita soul "mali yetu sote". Watu wakaitikia kwa vichwa, glasi mkononi. Kisha Gudrun kapanda jukwaani, kanda ikapigwa, naye kachezesha midomo. Bado hodari kwa hilo! Nilisimama nyuma kabisa, nikajisikia mimi mwenyewe, msichana wa wakati ule, natoka kwenye spika.

Ndipo Hartmut akasimama, na suti yake ya harusini inayombana tumbo. Akaomba kwa heshima zote: Bibi Thielmann aimbe kibwagizo tu, kile chenye isch, bila kanda, watu wa Mannheim wamsikie. Ukumbi mzima ukashangilia. Gudrun akasema koo limekauka, anaomba dakika chache. Mimi nikakimbilia huku. Kumbukumbu hudanganya, kasema bwana yule, basi naandika papo hapo.

Kumbe Gudrun kanifuata. Anagonga.

"Rosi." Ananong'ona. "Lile neno. Unalitamkaje?"

Tangu studio hajawahi kuniuliza hata hali.

"Fungua, shoga yangu. Nifundishe mara moja tu."

Shoga! Leo nimekuwa shoga. Ukumbini wameanza kupiga makofi ya kumwita, makofi ya gwaride, hakuna hata kofi moja lililoangukia kwenye mdundo.

Sasa namsikia Wiebusch naye. Kaja kumtafuta nyota wake. Anauliza kulikoni, watu wanasubiri, na humo ndani anaongea na nani?

Gudrun ameacha kugonga.

Wiebusch anauliza tena: nani yumo humo? Nami nimeshika kitasa, kalamu mkono wa pili, nasubiri nisikie kama atataja jina langu.